Dakika 8 za Afande: kisa cha picha 214

Jumatano usiku, siku 3 kabla ya sherehe, familia moja hapa Bombo, Uganda, ilikusanyika mbele ya televisheni ya baba mdogo kujaribu slaidi za picha alizotengeneza kijana wa nyumbani. Baba mwenye nyumba, sajini wa UPDF, yaani jeshi la Uganda, alikuwa anastaafu baada ya zaidi ya miaka 30 ya jeshi. Flashi ikachomekwa, televisheni ikafikiri kidogo, ikasema hakuna faili inayoweza kuchezwa. Kijana akakimbilia kompyuta, akarudi baada ya saa nzima na faili nyingine. Safari hii picha zikatokea: mzee amelala ubavu, mzee hana kichwa, mzee ana doa jeupe usoni kama aliyemulikwa tochi. Bibi mmoja akasinzia. Ilipofika dakika ya 21 na nusu hivi picha zikaisha, skrini ikawa nyeusi, na wimbo ukaendelea kulia gizani kwa zaidi ya dakika 3, mpaka mtu akainuka akazima.

Alhamisi asubuhi binti wa mzee akaja kwenye kibanda changu kando ya barabara ya Gulu, flashi mkononi, macho mekundu. "Fundi, hii kitu imeharibika wapi?"

Nimeona nikiandike kisa chote, kwa sababu karibu kila kosa ninaloletewa na watu wanaotengeneza slaidi nyumbani lilikuwamo katika flashi ile moja. Familia nzima ilikuwa imekwisha kutoa hukumu: programu ni mbovu. Kijana alitumia Windows Movie Maker, ile ya zamani ambayo Microsoft waliacha kuihudumia Januari 2017 lakini bado inaishi kwenye kompyuta nyingi za huku. Programu ni nzee, kweli. Lakini katika kisa hiki haikuwa na hatia hata moja.

Tuanze na flashi iliyokataa kusomwa, maana hilo ni jepesi. Nilipoifungua nikatazama ukubwa wa faili kabla ya kutazama jina lake. Kilobaiti kadhaa tu. Video ya dakika 20 haiwezi kuwa ndogo kuliko picha moja ya simu. Alichokuwa amekihifadhi kijana ni faili ya mradi, yaani karatasi ya maagizo: chukua picha fulani kutoka folda fulani, iweke sekunde kadhaa, kisha leta nyingine. Picha zenyewe hazimo humo. Faili hiyo inasomeka tu kwenye kompyuta yenye programu ile na picha zile, zikiwa palepale zilipokuwa. Ukizihamisha folda, au flashi ambayo kompyuta iliipa herufi E ikaipa F, mradi unafunguka na matundu. Televisheni ndiyo haijui kabisa hizo habari. Inataka video iliyokamilika.

Giza la mwishoni lilinisumbua zaidi, na nakiri lilinipendeza, kwa sababu lilikuwa na hesabu ndani yake. Kijana alikuwa na picha 214 na aliacha kila moja ikae sekunde 7 kama programu ilivyompa. 214 mara 7 ni sekunde 1,498, yaani dakika 24 na sekunde 58. Akatafuta nyimbo zinazofika hapo, akazipanga vizuri, zikalingana. Hadi hapo hakuna aliyekosea. Ndipo akaamua kupamba: akazichagua picha zote kwa pamoja na kuweka mpito wa sekunde 1 kati ya kila picha na jirani yake, ile picha moja kuyeyukia ndani ya nyingine. Ili picha mbili ziyeyuke pamoja lazima zilaliane, na kulaliana huko kunakula muda. Picha 214 zina mipito 213, kwa hiyo sekunde 213 zikatoweka. Dakika 3 na sekunde 33. Hilo ndilo giza lote. Nilipomwonyesha kijana akashika kichwa. Alikuwa ametumia nusu ya usiku akibadilisha nyimbo.

Sasa, kosa kubwa. Nilimwuliza binti swali moja: mshereheshaji amewapa dakika ngapi? Akapiga simu palepale. Dakika 8, kati ya hotuba ya wazee na keki. Watu wamekaa wiki mbili wakikusanya picha bila mtu yeyote kuuliza hilo! Walianza na picha wakategemea muda utajitokeza wenyewe. Mimi huanza na muda, kama fundi cherehani anavyoanza na kipimo cha mtu, si na urefu wa kitambaa kilicholetwa.

Dakika 8 ni sekunde 480. Kutoka hapo nikatoa 10 za kichwa cha mwanzo na 14 za mwisho. Zilizobaki ni 456. Ukizigawa kwa 5 unapata picha 91, lakini kugawa sawasawa ni uvivu. Picha ya uso mmoja inasomwa upesi; sekunde 5 zinatosha na hata 4. Picha ya kikosi, watu 20 wamesimama safu mbili, ni jambo jingine kabisa, kwa sababu kila mtu ukumbini ataanza kujitafuta, kisha kumtafuta rafiki yake, kisha kumwonyesha jirani. Ukiiondoa kwa sekunde 5 unasikia watu wakiguna. Hizo nazipa 9.

Hesabu niliyofikia ilikuwa nafasi 72: 23 za sekunde 9, 48 za sekunde 5, na 1 ya sekunde 10 ambayo nitaieleza. Jumla 457. Mipito ya kuyeyusha nikaiacha 5 tu, pale ambapo sura ya maisha inabadilika: utoto, kuingia jeshi, miaka ya kambini, Mogadishu, nyumbani, na leo. Kwingine kote picha inakatwa moja kwa moja. Toa sekunde 5 za kulaliana, rudisha kichwa na mwisho, unapata 476. Dakika 7 na sekunde 56. Mkato mtupu una heshima yake. Watu hudhani bila mapambo kazi itaonekana ya bei rahisi, na ni kinyume chake.

Kutoka 214 hadi 72 kulihitaji mkeka. Tulizimwaga zote: 61 za karatasi kutoka albamu na sanduku la bati, 140 zilizokusanywa kwa WhatsApp, 13 za simu ya zamani. Zile za WhatsApp zilikuwa na nakala tupu 38, kwa sababu picha ileile imetumwa na shangazi, na mjomba, na mtoto wa mjomba, kila mmoja akiamini yeye ndiye mwenye nayo. Nyingine 22 zilikuwa zimefifia kupita kiasi. WhatsApp hupunguza picha inapoituma kama picha, na ikihifadhiwa na kutumwa upya mara kadhaa inazidi kuchoka. Kwenye simu huioni, kwenye ukuta wa mita 3 unaiona vizuri sana. Nikamwomba binti awapigie wenye picha za asili wazitume upya kama hati, siyo kama picha. Saba zikarudi zikiwa safi. Nyingine wenyewe walishazifuta.

Kisha mzee mwenyewe akaja. Hakuna aliyemwita, alikuwa amesikia kwamba picha zake zimetandazwa kibandani kwa watu. Nikasimama, "Jambo afande," akaketi kwenye kiti cha plastiki akaanza kuzipitia za jeshi, moja moja, bila haraka. "Hii toa. Hii toa pia. Hii, kijana, nani amekupa?" Alitoa 11. Hakueleza na sikuuliza, ingawa nyingine mtu anaweza kukisia: lango la kambi, magari yaliyopangwa, mpango wa mahema. Tangu siku hiyo, kazi yoyote ya askari nampa mwenyewe azipitie kabla sijagusa kompyuta. Ndugu hawawezi kujua ni ipi ya kutoa.

Ndiye pia aliyekamata kosa la maandishi. Chini ya picha ya mafunzo ya 1989 kijana alikuwa ameandika "UPDF 1989". Mzee akacheka mpaka akakohoa. Mwaka ule jeshi liliitwa NRA. Jina la UPDF lilikuja na Katiba ya 1995. Ukumbini wangekaa watu waliovaa sare ile, na wangekumbushana kosa hilo mpaka mwaka unaofuata.

Lugha ya maandishi nayo ilijadiliwa. Shangazi alitaka Kinubi, kwa kuwa hapa ni Bombo na nyumba ile ni ya Wanubi. Lakini wageni walikuwa Waacholi, Walugbara, Wanyankole, Waganda, watu waliokula sufuria moja kwa miaka 30 wakizungumza Kiswahili cha jeshini. Tukaandika Kiswahili, kifupi, maneno matano au sita kila mahali, na jina la nyumbani la mzee tukaliacha kwa Kinubi. Shangazi akaridhika nusu.

Niseme kidogo kuhusu picha za karatasi, maana hapo ndipo nilipotumia Alhamisi yote. Kijana alizipiga kwa simu, taa ya simu ikiwaka, na karatasi ya kung'aa ikarudisha mwanga: ndilo doa jeupe usoni mwa mzee. Kama huna skana, zima taa, weka picha karibu na dirisha mwanga uingie kwa ubavu, na simu iwe sambamba na karatasi. Mimi ninayo skana, na shida ya skana ni kwamba watu wanaiacha kwenye kipimo kimoja kwa kila kitu. Picha ya kawaida ya inchi 4 kwa 6, ukiiskani kwa nukta 300 kwa inchi, inakupa pikseli 1,200 kwa 1,800. Skrini ya video kamili ni 1,920 kwa 1,080. Inatosha kwa shida, na ukitaka kusogea karibu na uso inaanza kuwa ukungu. Kwa nukta 600 unapata 2,400 kwa 3,600, una nafasi ya kutembea. Picha ndogo ya pasipoti, ile ya pekee ya mzee akiwa kijana kabla ya jeshi, niliipandisha hadi 1,200. Ina upana wa sentimita 3 na nusu. Kwa nukta 300 ingekuwa na pikseli 400 na kitu tu, stempu iliyotanuliwa.

Picha mbili za rangi za miaka ya 70 zilikuwa zimegeuka nyekundu. Hiyo ni tabia ya karatasi za rangi za zama zile: rangi ya samawati ndani yake hufa kwanza, hata zikiwa gizani ndani ya sanduku, na nyekundu inabaki inatawala. Za studio zisizo na rangi, ambazo ni kongwe zaidi, zilikuwa bado imara kwa sababu picha yake ni chembe za fedha, siyo rangi. Nilipunguza wekundu lakini sikuumaliza. Kijana alitaka ziwe kama za jana. Sikukubali, mtu akiona picha ya 1978 inang'aa kama ya simu hataiamini. Nyingine ilikuwa imegandamana na kioo cha fremu. Hizo hazibanduliwi, utabaki na nusu ya uso kwenye kioo. Niliipiga palepale juu ya kioo, kitambaa cheusi kimetundikwa nyuma yangu ili nisijione mwenyewe.

Mzee kulala ubavu ni ugonjwa wa simu. Ukiigeuza simu ukapiga picha wima, mara nyingi haigeuzi picha yenyewe. Inaandika tu ndani ya faili kwamba atakayeionyesha aizungushe. Programu nyingine zinasoma agizo hilo, nyingine hazisomi. Dawa ni kuizungusha na kuihifadhi upya kabla ya kuiingiza.

Kukatwa kichwa kuna hesabu yake tena. Picha wima ya simu ni 3 kwa 4. Ukiiweka nzima kwenye skrini yenye urefu wa pikseli 1,080, inachukua upana wa 810 tu. 1,110 zinabaki tupu pembeni. Kijana hakupenda utupu, akachagua kujaza skrini. Ili upana ufike 1,920, picha hiyo inabidi iwe na urefu wa 2,560, na skrini inaonyesha 1,080 tu za katikati. Zaidi ya nusu ya picha imetupwa, na vichwa vya watu kwa kawaida viko juu. Badala ya kujaza, nilizipanga wima mbilimbili zikakaa bega kwa bega: 810 na 810 ni 1,620, kinachobaki ni ukingo mwembamba. Mzee akiwa kuruta upande mmoja, mwanawe siku ya kuhitimu shule upande wa pili. Kwa njia hiyo nafasi 72 zikabeba picha 83. Jozi zile 11 ndizo kazi ninayoionea fahari zaidi.

Kuhusu kusogeza picha polepole, mtindo ambao iMovie ya Apple iliuita jina la mtengeneza filamu Ken Burns mwaka 2003, kijana alikuwa ameuweka kwenye kila picha, huku inaingia huku inatoka. Bibi hakusinzia kwa kuchoka tu, alipata kizunguzungu. Nikauacha kwenye picha 6, ambapo kuna kitu cha kugundua: kikosi kizima, kisha polepole hadi kijana wa tatu kutoka kushoto.

Niliijenga upya kwa Shotcut, programu ya kuhariri video ambayo ni bure. Picha zote folda moja, majina 001, 002, 003, kwa sababu kompyuta ikipanga herufi kwa herufi itaweka 10 mbele ya 2 na mzee ataoa kabla ya kuzaliwa. Alhamisi saa 4 usiku nikaanza kutoa video, na ikiwa nusu umeme ukazima. Faili ilikuwepo, ukubwa wake mzuri tu, lakini haikufunguka: faili ya video ya aina ya MP4 mara nyingi huandika faharasa yake mwishoni kabisa, na ikikatwa katikati ni kitabu kisicho na ukurasa hata mmoja unaoweza kuupata. Nikarudia Ijumaa kwenye laptopu yenye betri. Mfumo wa kubana video wa H.264, fremu 25 kwa sekunde, megabiti 8 kwa sekunde, ambayo ni kama megabaiti 1 kwa kila sekunde. Sekunde 476, megabaiti 476 hivi. Flashi mbili, na nakala ya tatu kwenye simu yangu. Televisheni ya baba mdogo ikaicheza bila neno.

Sasa ile picha ya sekunde 10. Uganda ndiyo ilikuwa nchi ya kwanza kupeleka askari Mogadishu chini ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia, Machi 2007, na mzee alikwenda huko baadaye. Alikuwa na picha ya watu 9 wameketi juu ya mifuko ya mchanga wakinywa chai. Watatu hawakurudi. Nilimwuliza tuweke maandishi gani. Akasema, "Usiandike. Na muziki uzime." Nikaushusha muziki kwa sekunde 3 kabla yake, nikaacha kimya, nikaupandisha tena picha inayofuata ilipoingia.

Jumamosi nilikosea mimi. Nilijaribu kwenye televisheni, lakini chini ya hema kulikuwa na projekta ya kukodi, ya zamani, yenye umbo la 4 kwa 3, na sikuwa nimeuliza. Video pana ikakaa ndogo katikati ya shuka, na maandishi yangu ya maneno matano yakasomwa na walioketi mbele tu. Waliokaa nyuma wakawa wanasomewa na wa mbele, kwa sauti, hadi ikawa kama sehemu ya mpango.

Picha za vikosi zilifanya nilichotarajia. Watu walitaja majina, wakasimama, wakanyoosha vidole. Kisha ikaja ile ya mifuko ya mchanga, na muziki ukaisha. Hema likanyamaza. Sekunde 10 zikapita, picha ikabadilika, na sauti ya mzee mmoja wa safu ya tatu ikasema, "Rudisha." Mshereheshaji akanitazama. Mstaafu akainua mkono kidogo. Nikarudisha, nikaisimamisha pale. Mtu akataja jina moja. Mwingine akataja la pili. La tatu lilichukua muda, halafu likatajwa na watu kadhaa kwa pamoja.

Dakika 8 zikawa 11, na keki ikasubiri. Katika nakala ya nyumbani niliyompelekea binti wiki iliyofuata, picha ile inakaa sekunde 25.